ISBN Haitoshi: Kwa Nini Vitabu vya RPG Huvuruga Maktaba za Mtandaoni

Swali huja karibu neno kwa neno kila mara: ni programu gani ya simu inayoskani vizuri vitabu vya michezo ya kuigiza wahusika, ile inayojulikana kwa kifupi kama RPG? Muulizaji ana rafu mbili za Dungeons & Dragons, vijitabu kadhaa vya Call of Cthulhu, boksi la zamani la Traveller na akaunti mpya ya LibraryThing, tovuti ya kuorodhesha vitabu. Ameelekeza kamera kwenye msimbo pau. Skrini imemletea kitabu kingine kabisa, au kitabu chake chenye jalada la toleo jingine, au haikumletea chochote. Anaamua kwamba programu ni mbovu, anapakua nyingine, na baada ya muda anarudi na swali lilelile.

Programu haina kosa. Kamera ya simu ya kawaida huisoma mistari ile bila taabu. Kosa liko katika imani iliyolitangulia swali: kwamba kila kitabu kina namba yake, kila namba ina kitabu kimoja, na kazi ya mwenye maktaba ni kuionyesha mashine namba hiyo. Kwa riwaya mpya ya dukani imani hii haileti madhara makubwa. Kwa vitabu vya RPG haifai hata kidogo, na wakati umefika iachwe.

ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha vitabu, ilizaliwa ghalani. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Uingereza ya WH Smith, yenye maduka ya vitabu na magazeti, ilikuwa inahamishia kazi za ghala lake kwenye kompyuta na ikahitaji namba za kuagizia bidhaa. Mwaka 1967 ukaanza mfumo wa tarakimu 9, mwaka 1970 ukawa kiwango cha kimataifa chenye tarakimu 10, na tangu Januari 2007 tarakimu ni 13. Namba hiyo humwambia muuza vitabu ni bidhaa gani ya kuagiza, kutoka kwa mchapishaji gani. Haikubuniwa ili imweleze msomaji yaliyomo ndani.

Mfano ni 0-7869-1550-1, namba ya Player's Handbook ya Dungeons & Dragons ya mwaka 2000. Sifuri ya mwanzo ni kundi la lugha ya Kiingereza; mahali hapo kitabu cha Kenya huwa na 9966, na cha Tanzania 9976 au 9987. Kinachofuata ni mchapishaji, kisha bidhaa, na mwishoni tarakimu ya ukaguzi. Hakuna tarakimu hata moja inayotaja mchezo wenyewe, toleo la kanuni au chapa. Anayeitaka namba hii imtofautishie matoleo ya mchezo anaitaka iseme jambo ambalo haikupewa.

Sasa litazamwe jina la kitabu hicho peke yake. Mwaka 1978 kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin, ilitoa Players Handbook ya Gary Gygax, jina likiwa halina kistari cha juu. Mwaka 1989 ikaja Player's Handbook ya toleo la pili, safari hii kistari kikiwapo. Mwaka 1995 toleo hilo la pili likapangwa upya kwa jalada jeusi, na dibaji yake ikalazimika kuwatahadharisha wasomaji kwamba hilo si toleo la tatu. La tatu likaja mwaka 2000 chini ya kampuni ya Wizards of the Coast, likarekebishwa mwaka 2003 na kuitwa 3.5. La nne ni la 2008, la tano ni la 2014, na mwaka 2024 kanuni za toleo la tano zikaandikwa upya bila jina la kitabu kubadilika.

Humo katikati mna mitego mingine. Player's Handbook II ya 2006 ni kitabu cha nyongeza cha 3.5. Player's Handbook 2 ya 2009 ni kitabu cha nyongeza cha toleo la nne. Hakuna kati ya hivyo viwili kilicho toleo la pili la mchezo, lakini katalogi nyingi za watu binafsi huviandika hivyo, kwa sababu aliyeviingiza aliiona namba mbili kwenye jalada akaridhika. Kisha mwaka 2012 mchapishaji akavichapa upya vitabu vya msingi vya Gygax. Hapo pana kitabu chenye tarehe ya 2012 na maandishi ya 1978. Ukipanga rafu kwa mwaka wa kuchapishwa, kinaangukia kati ya toleo la nne na la tano, mahali pasipokihusu kabisa.

Mbaya zaidi ni pale namba moja inapobeba vitabu viwili tofauti. Deities & Demigods ya mwaka 1980 ilitoka ikiwa na kurasa 144, zikiwamo sura za miungu na viumbe wa hadithi za Cthulhu na za Melniboné. Haki za michezo ya hadithi hizo zilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine, Chaosium. Katika chapa zilizofuata TSR ilizing'oa sura hizo mbili na kitabu kikabaki na kurasa 128. Namba ya bidhaa ya TSR ilibaki 2013 na ISBN ilibaki ileile, ilhali wakusanyaji wanaitafuta chapa ya kwanza kwa sababu ya kurasa hizo 16. Mwaka 1985 kitabu kikabadilishwa jina kuwa Legends & Lore. Mwaka 1990 kikatoka Legends & Lore cha toleo la pili, ambacho ni kitabu kingine, na mwaka 2002 jina la Deities and Demigods likarudi juu ya kitabu kingine tena. Hakuna kamera itakayoyang'amua haya. Atakayeyang'amua ni mtu atakayefungua ukurasa wa hakimiliki na kuhesabu kurasa.

Hata vitabu vya karibuni haviko salama. Kwa kanuni za ISBN zenyewe, chapa mpya yenye masahihisho madogo haihitaji namba mpya. Ndiyo maana Player's Handbook ya 2014, namba 978-0-7869-6560-1, imo katika chapa zenye makosa ya mwanzo na zile zilizosahihishwa baadaye. Kwa mchezaji anayebishana mezani juu ya nguvu ya uchawi fulani tofauti hiyo ina uzito, lakini mashine haioni tofauti yoyote.

Tena kuna vitabu visivyo na namba. Dungeons & Dragons ya kwanza kabisa, kazi ya Gygax na Dave Arneson ya mwaka 1974, ilikuwa boksi lenye vijitabu vitatu, na chapa ya mwanzo ilikuwa nakala 1,000. Haina ISBN. Wachapishaji wengi wadogo wa miaka hiyo hawakujisumbua nayo kwa kuwa waliuza kwenye maduka ya michezo na kwa posta, si kwenye maduka ya vitabu. Leo hali imerudi kwa sura nyingine: faili nyingi za PDF zinazouzwa DriveThruRPG au itch.io hazina ISBN, kwa sababu muuzaji haitaki na mwandishi wa Marekani hulazimika kuinunua. Maboksi nayo mara nyingi hubeba msimbo wa bidhaa wa tarakimu 12, uleule unaobandikwa kwenye vikaragosi na sabuni. Simu husoma msimbo huo sawasawa, kisha hifadhidata ya vitabu hujibu kwamba haina kitu, na jibu hilo ni sahihi.

Hapo ndipo huingia dawa ya mitaani, ambayo inastahili kukemewa waziwazi: azima ISBN ya toleo linalokaribiana ili picha ya jalada itokee. Wanaoishauri huiona njia ya mkato isiyo na hasara. Hasara ipo, na humfika mtu mwingine. LibraryThing, iliyoanzishwa na Tim Spalding mwaka 2005, hukusanya nakala za wanachama wake wote chini ya kazi moja inayoshirikiwa. Rekodi yenye ISBN ya kuazima huvutwa kwenye kazi isiyo yake. Tathmini za toleo la nne huonekana chini ya toleo la tano, mapendekezo hukosea, na mwanachama mwenye nia njema, akiziona rekodi mbili zenye jina moja, huziunganisha. Baada ya hapo kuzitenganisha ni kazi ya mkono, nakala kwa nakala, na hufanywa na watu wasiolipwa.

Wapo pia wanaotunga namba kutoka kichwani. Tarakimu ya mwisho ya ISBN hukokotolewa kutokana na zile zilizoitangulia, hivyo namba ya kubuni ya tarakimu 13 hukataliwa mara tisa kati ya kumi. Ile moja inayopenya ndiyo hatari, kwa sababu yaweza kuwa ni ya kitabu cha mchapishaji mwingine, na kijitabu cha mazimwi kikaandikwa kuwa kitabu cha mapishi. Huku ni kughushi kumbukumbu, wala hakuna picha ya jalada inayokuhalalisha. Uwanja wa ISBN unaruhusiwa kubaki mtupu. Uachwe mtupu.

Jina la mwandishi nalo lina balaa yake, na mfano wake mkubwa ni Steve Jackson. Wako wawili, wote wabunifu wa michezo. Mmarekani ana kampuni ya Steve Jackson Games huko Texas, na alitoa mchezo wa GURPS mwaka 1986. Mwingereza ni mmoja wa waanzilishi wa Games Workshop, na pamoja na Ian Livingstone aliandika The Warlock of Firetop Mountain ya mwaka 1982, iliyofungua mfululizo wa Fighting Fantasy. Yangeweza kuishia hapo, lakini Mmarekani naye aliandika vitabu vitatu ndani ya mfululizo huohuo wa Mwingereza: Scorpion Swamp mwaka 1984, na Demons of the Deep na Robot Commando mwaka 1986. Jina kwenye jalada ni Steve Jackson tu. LibraryThing imeweka namna ya kuwatenganisha waandishi wenye jina moja kwa namba; ni juu ya mwenye rekodi kukipeleka kitabu kwa Jackson anayehusika.

Vitabu vilivyoandikwa na timu vinahitaji uangalifu wa aina hiyo. Ukurasa wa shukrani hutaja wabunifu wakuu, waandishi, wahariri na wachoraji, huku duka likiandika jina la kampuni mahali pa mwandishi. Wapo hata wanaomweka H. P. Lovecraft, aliyefariki mwaka 1937, kuwa mwandishi wa Call of Cthulhu, mchezo uliobuniwa na Sandy Petersen na kutolewa na Chaosium mwaka 1981. Lovecraft ni chanzo cha hadithi, hakuandika kanuni za mchezo.

Ya kufanya ni haya. Anza na ukurasa wa jina na wa hakimiliki, si na jalada. Tafuta kwa jina na mwaka, ukichagua maktaba kama Library of Congress kabla ya Amazon. Usipopata, ingiza kwa mkono. Andika toleo na chapa kwenye sehemu ya maelezo ya uchapishaji, na mfumo wa mchezo kwenye lebo: D&D 3.5, GURPS, Traveller. Namba ya bidhaa au alama ya mfululizo ya mchapishaji, kama 2010 ya Players Handbook ya 1978 au B2 ya The Keep on the Borderlands, iingie kwenye maoni, maana wakusanyaji huitafuta hiyo.

Boksi lipewe rekodi moja na orodha ya vilivyomo. Vijitabu vyake vipate rekodi zao ikiwa tu unaviazimisha kimoja kimoja. Vivyo hivyo kwa mikusanyo: visa vitatu vya majitu vya mwaka 1978 viliunganishwa mwaka 1981 kuwa Against the Giants, na mkusanyo huo una vile vitatu ndani yake bila kuwa sawa na chochote kati ya hivyo, basi tumia uhusiano wa kujumuisha. PDF ipate rekodi yake yenye tarehe ya faili. Piga picha ya jalada la nakala yako mwenyewe. Ukihitaji namba ya rafu, Dewey ni 793.93, na ya Library of Congress huanzia GV1469.6. Unganisha chapa na tafsiri za kitabu kimoja. Usiunganishe matoleo tofauti ya kanuni. Ukiwa na shaka, linganisha na hifadhidata ya RPGGeek, ambayo hutenganisha mchezo, kitabu na chapa za kitabu hicho.

LibraryThing haidai malipo ya kuorodhesha tangu Machi 2020, kwa hiyo gharama iliyobaki ni muda wa mwenye vitabu. Na kwa yule aliyekwisha kuazima ISBN ya toleo jingine, ombi ni moja: airudie rekodi hiyo, aifute namba, kisha aandike mwaka, toleo na idadi ya kurasa kama vilivyo kwenye nakala aliyonayo mkononi.