Usirushe mashine kwenye Probox kabla hujapima kasha

IKIWA hasla yako ni kupiga muziki kwenye harusi, ruracio, krusedi au sherehe za mtaani, presha ya Jumamosi unaijua. Mteja ashatuma nusu ya pesa kwa M-Pesa, mahema yamesimama, MC amefika na macho yote yako kwako. Amplifaya ikikataa kuwaka saa hiyo, hakuna atakayekuuliza barabara ilikuwaje. Mteja atadai pesa zake, na kufikia Jumatatu jina lako litakuwa linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Sasa sikiza. Vijana wengi hununua mashine kwa mkopo wa chama, halafu wanazifunga blanketi na kuzirusha nyuma ya Probox. Kasha la kubebea wanaliona kama urembo wa mabosi wenye malori. Zii. Hilo kasha ndilo bima ya mkopo wako, na unalichagua kwa kuangalia safari zako, si rangi yake.

Kinachoua mashine

Kuanguka kunaua, ndiyo. Lakini kuna adui mwingine anayefanya kazi polepole: mtikisiko. Matuta na barabara ya murram hulegeza skrubu na kupasua sehemu zilizolehemewa ndani ya mashine. Unafika, unawasha, upande mmoja uko kimya, na kwa nje hakuna hata mkwaruzo.

Halafu kuna uzito. Amplifaya ya raki hushikiliwa mbele kwa skrubu nne, kwenye masikio mawili ya chuma. Kama ina transfoma kubwa ndani, kila gari likiruka shimo ule uzito wote unaning'inia kwa hayo masikio mpaka yapinde. Kwa hivyo swali la kwanza dukani ni hili: kasha lina reli za nyuma? Kama hakuna na mashine yako ni nzito, endelea kutafuta.

Chukua tepu

Uso wa mashine ya raki una upana wa inchi 19, dunia nzima, kwa hivyo hapo usijisumbue. Kimo ndicho huhesabiwa kwa U. U moja ni inchi 1.75, yaani milimita 44.45. Tuseme una amplifaya mbili za U 2, krosova ya U 1, risiva ya maikrofoni ya U 1 na soketi za stima za U 1. Jumla ni U 7. Nunua kasha la U 8, upate nafasi ya hewa au ya mashine utakayoongeza mwakani.

Watu wengi hukwama kwenye kina. Pima mashine kutoka usoni hadi nyuma, kisha ongeza nafasi ya plagi na waya zinapojikunja. Acha angalau sentimita 8. Mfuniko ukigusa plagi, kila tuta litakuwa linagonga soketi zako kama nyundo.

Safari yako ni gani?

Kama unabeba risiva na krosova tu, kwa boda au matatu, mfuko wa raki wenye fremu ndani na sponji nene unatosha. Ni mwepesi na unavaliwa begani. Lakini usiuweke chini ya spika. Hautavumilia.

Kama unatumia Probox au pikapu, angalia kasha la plastiki nzito. Halinyonyi maji na kwa kawaida ni jepesi kuliko la mbao. Shida ni kwamba ukilipandia mizigo mizito, plastiki hubonyea.

Kama mashine zako zinapanda kanta na kupangwa moja juu ya nyingine, hapo ni flaiti kesi ya plaiwudi yenye kingo za alumini, pembe za chuma na makomeo yaliyozama ndani ili yasikwame kwa mzigo mwingine. Plaiwudi ya milimita 9 ni ngumu vya kutosha kwa kazi hiyo. Ni nzito, sikufichi, lakini likiumia, fundi yeyote wa mbao analirekebisha.

Safari ikiwa ndefu na mashine ni nyeti, kama miksa ya kidijitali au kompyuta, tafuta kasha lenye fremu mbili: fremu ya ndani inaelea juu ya raba. Muulize muuzaji raba hizo ni za uzito wa kilo ngapi. Raba ngumu ikibeba mashine nyepesi haiminyiki, na mtikisiko unapita wote. Pia waya zako ziwe na ulegevu kidogo, kwa sababu fremu inacheza.

Ukienda kwa fundi

Mpya dukani ni ghali, na fundi wa jua kali anaweza kukutengenezea sanduku poa kabisa. Sawa, lakini usimwachie atoboe reli kwa macho. Matundu ya raki hayalingani: ukipima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya lingine, unapata milimita 15.9, tena 15.9, kisha 12.7, halafu mpangilio unarudia. Fundi akiyapanga sawasawa, mashine ya kwanza itaingia na ya pili itakataa. Nunua reli zilizotobolewa tayari, umpelekee. Pia mpelekee mashine yenyewe ajaribishe kabla hujamaliza kulipa.

Moto, maji na mgongo wako

Ukifika kazini, toa mifuniko yote miwili, wa mbele na wa nyuma. Amplifaya inahitaji kuvuta hewa na kuitoa, na ukiifungia inajipika. Wakati wa mvua, weka turubai juu ya kasha, na ukirudi nyumbani fungua ndani kukauke. Unyevu uliofungiwa usiku kucha huleta kutu. Mashine nzito zikae chini kabisa, nyepesi juu, la sivyo kasha litapinduka kwenye kona.

Mwisho ni uzito. Kasha tupu la mbao peke yake linaweza kulemea mtu mmoja, na wewe bado hujaweka hata mashine moja. Kama watu wawili hawawezi kulipandisha ngazi likiwa limejaa, gawa: amplifaya kasha moja, risiva na krosova lingine. Ukiwa na ndoto ya kupanda ndege na vifaa, kumbuka mashirika mengi hayapokei mzigo mmoja wa abiria unaozidi kilo 32.

Kwa hivyo wiki hii, kabla ya kazi ya Jumamosi, hesabu U zako, pima kina, andika kwenye simu gari unalotumia mara nyingi. Ukiingia dukani na hayo matatu, muuzaji hawezi kukubebesha sanduku lililokaa stoo mwaka mzima likingoja mtu asiye na tepu.