Mashini ya kulisha samaki kwa saa: inafaa wapi, inaharibu wapi

Ndugu wanamemba wa koperative za Masisi na Walikale, kuna swali moja linarudi kila mara: ile mashini yenye watu wa mijini wanaweka juu ya sanduku la kioo la samaki, inayoangusha chakula yenyewe wakati mwenye nyumba hayuko, inaweza kulisha bwawa letu? Inaweza, lakini si kila bwawa, na ukiipanga vibaya itaua samaki mbio kuliko njaa.

Tueleze kwanza namna inafanya. Kuna kadi ndogo ya elektroniki (Arduino, iliyoanza Italia mwaka 2005, njo inajulikana sana), na ndani yake mnaandika programu, ni kusema amri ambayo kadi inafuata kila siku. Kadi inasoma saa. Saa ikifika, inazungusha mota ndogo, mota inafungua tundu chini ya ndoo, chakula kinaanguka, kisha tundu linafungwa. Umeme wake ni mdogo: bateri ya pikipiki ya volti 12 na pano moja ndogo ya jua vinatosha. Ile saa inapashwa kuwa na kibateri chake yenyewe. Bila hicho, siku bateri kubwa inaisha, mashini inaamka bila kujua saa ni ngapi.

Na kwa saa, angalisho. Sisi tunasema saa tatu asubuhi, mashini inasema 9:00. Kijana akiandika 3:00 kwa sababu mzee alimwambia «saa tatu», chakula kitaanguka saa tisa ya usiku. Usiku majani na ule ukijani wa maji vinatumia hewa badala ya kuitoa, kwa hiyo mbele jua litoke maji yanakuwa na hewa kidogo kabisa. Samaki hawali. Chakula kinashuka chini, kinaoza, na kuoza kule kunakula tena hewa iliyobakia. Asubuhi mnakuta masamaki yanafungua kinywa juu ya maji, au yamekwisha kufa.

Kipimo kinatoka kwa uzito wa samaki, si kwa ukubwa wa ndoo. Tuchukue bwawa la are 2 na nusu lenye tilapia 500, kila mmoja gramu 100. Jumla ni kilo 50. Kwa samaki wa ukubwa huo, asilimia 3 kwa siku inatosha: kilo 1 na nusu, asubuhi gramu 750 na kisha mchana gramu 750. Ili kujua mota inatoa ngapi, weka mfuko chini ya tundu, zungusha mara 10 kwa sekunde 1, pima, gawanya kwa 10. Ikitoa gramu 15 kwa sekunde, basi ni sekunde 50 kila mlo. Kila wiki mbili mnakamata samaki kadhaa, mnawapima, mnabadilisha programu. Mashini haioni kama samaki amenenepa.

Haioni baridi vilevile, na hapa Masisi na Walikale haviko sawa. Tilapia anakula vizuri maji yakiwa digri 25 mpaka 30. Chini ya 20 anakula kidogo, na karibu na 16 anaacha. Walikale, chini kule msituni, milo miwili, saa tatu na saa tisa mchana, inaenda. Kwenye milima ya Masisi, ambako sehemu zingine zinapita mita 2000, mngojee jua lipashe maji: saa tano, na mlo wa pili saa tisa. Siku ya ukungu na mvua, mama anayelisha kwa mkono anaona samaki hawaji, anarudi na kikapu chake nyumbani. Mashini itamwaga tu.

Tena inataka chakula kikavu chenye punje. Pumba za mchele zikipata unyevu zinashikana na kuziba tundu. Majani ya matembele, majani ya mateke, mchwa, masalio ya kasiksi, vyote vile tunavyolishia bila kununua, haviwezi kupita. Kwa bwawa la kawaida la tilapia, tunaona mkono wa mtu unashinda, na franka za mashini zinunue watoto wa samaki.

Mahali tunaikubali ni kwenye beseni ya kukuzia watoto wa samaki, zaidi wa kambale. Wale wanataka kula kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, na wakikaa na njaa wakubwa wanakula wadogo. Hakuna mtu mwenye shamba atakayerudi nyumbani mara sita. Hapo mashini inafanya kazi yake, beseni iko karibu na nyumba, na mwizi hafiki kwa urahisi kubeba bateri. Msijaze ndoo zaidi ya chakula cha siku moja: tundu likikwama wazi, yote inaanguka.

Wengine wanaitaka kwa sababu nyingine: siku ya kukimbia vita, nani atalisha samaki? Hapo msitumainie bateri. Tilapia mkubwa anavumilia wiki nzima bila kulishwa, na katika maji ya kijani anajitafutia. Kitu cha kutayarisha mapema ni kizizi cha miti kwenye kona ya bwawa, kijazwe majani na mavi ya mbuzi au ya ngombe, kikorogwe kila wiki mkiwa bado mpo. Ingiza mkono wazi ndani ya maji: ukipotea machoni karibu na kiwiko, maji yana chakula. Ukipotea kwenye kifundo cha mkono, mbolea imezidi, acheni kuongeza. Na kama maji yamefika kiwiko na vidole bado vinaonekana, jazeni kizizi.