Sungura Mgonjwa na Nyasi Kavu



Wengi wetu tunaye sungura mmoja au wawili kando ya nyumba, na mara nyingi ni wa watoto. Mnyama huyu akiugua, huanza kuziacha nyasi kavu horini na kutaka pumba, karoti au ndizi tu. Mwenyewe hudhani kwamba sungura amekuwa mchaguzi, naye kwa huruma humwongezea vile avipendavyo. Hilo ni kosa ambalo laweza kumwua.

Kwa nini nyasi kavu?

Meno ya sungura hukua maisha yake yote. Yale ya mbele huongezeka kiasi cha milimita 2 kwa juma. Kutafuna nyasi kwa saa nyingi ndiko kunakoyapunguza. Tena nyuzi za nyasi ndizo zinazoyafanya matumbo yatembee. Zikikosekana, matumbo hulegea, gesi hujaa, na maumivu humzuia kula. Na asipokula, matumbo huzidi kusimama. Kwa hiyo sungura aliyekaa nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi apelekwe kwa daktari wa mifugo siku iyo hiyo.

Tafuteni sababu kwanza

Sungura atiaye nyasi kinywani kisha akazitema, au mwenye kidevu kilicholowa mate, huenda magego yake yameota ncha zinazomkata ulimi na mashavu. Aliyezeeka na kuumwa viungo hushindwa kuinuka kulifikia hori. Maumivu hayo sharti yatibiwe na daktari. Wala msimpe dawa za binadamu zilizobaki nyumbani. Penisilini na amoksilini za kumeza huua vijidudu vyema vya tumboni mwake, na huweza kumwua yeye mwenyewe.

Namna ya kumrudisha

1. Nyasi, kama zile za Rhodes, zikatwe kabla ya kukomaa na kukaushwa upesi, zibaki na ukijani na harufu nzuri. Zenye ukungu au vumbi zitupwe. Lusini ina chokaa nyingi. Haifai kuwa chakula cha kila siku cha sungura mzima, hasa mwenye ugonjwa wa mkojo.

2. Wekeni fungu jipya asubuhi na jioni, maana nyakati hizo ndipo alapo zaidi. Nyasi za siku moja zisipungue ukubwa wa mwili wake. Aliyezeeka awekewe chini.

3. Changanyeni majani machache ya giligilani au ya karoti ndani ya nyasi, apate kuyatafuta.

4. Pumba zipunguzwe kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, kamwe si kwa siku moja. Maji safi yawepo daima.

5. Asiyeweza kutafuna akatiwe nyasi fupi. Daktari akiagiza, alishwe uji wa majani yaliyosagwa kwa bomba lisilo na sindano, kupitia pembeni mwa mdomo, polepole. Tumbo likivimba na kuwa gumu, asilishwe kwa nguvu. Apelekwe kwa daktari mara moja.

Kumpima

Macho hudanganya, kwa kuwa manyoya huficha kukonda. Mpimeni kila juma. Mizani ya duka la chama yatosha. Angalieni na kinyesi: kikiwa cha mviringo, kikubwa na kikavu, ni dalili njema, kikiwa kidogo na haba, ni onyo.

Kazi ya chama

Robota zima la nyasi ni kubwa mno kwa sungura mmoja. Likikaa mahali penye unyevu huota ukungu. Wanachama wachache wakilinunua pamoja na kuligawana, kila mmoja hupata nyasi safi kwa gharama ndogo. Makatibu wanaombwa kuisoma makala hii katika mkutano ujao, na kuandikisha majina ya wanaohitaji nyasi.