Kurudi kuandika ukiwa na mtoto mchanga

Ni miezi saba sasa hamkuniona ukurasa huu. Wako walioniandikia kuuliza kama nimehama, na mmoja aliuliza kama nimenyamazishwa. La. Nilijifungua mtoto wa kike, alhamdulillah, mwanangu wa tatu, nami nimeshavuka miaka arobaini.

Leo narudi, lakini siasa za kaunti zitangoja kidogo. Nataka kueleza jambo ambalo kina dada wanaoandika wameniuliza mara nyingi, wa habari, wa mashairi na hata wa michezo ya redio: mtu anarudi vipi kwenye kalamu na huku analea mtoto mchanga?

Swali hili lina uzito. Wanawake wanaoandika hapa Pwani si wengi, na wengi tunawapoteza papo hapo kwenye uzazi. Mtu husema atapumzika arobaini, arobaini ikawa mwaka, na mwaka ukawa "zamani nilikuwa nikiandika." Akishanyamaza yeye, habari za kliniki isiyo na dawa, maji ya Kisauni na mjane aliyenyimwa mirathi huandikwa na mtu anayezisikia kwa mbali, au haziandikwi kabisa.

Tuanze na sababu ya ugumu wenyewe. Mtoto wa wiki za mwanzo hulala saa nyingi, kati ya 14 na 17 kwa siku, lakini kwa vipande vipande. Hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Kwa hiyo mama hapati saa mbili zilizoungana. Kuna kazi zinazovumilia hali hiyo. Ukichambua mchele ukaitwa, ukirudi mchele uko pale pale kwenye ungo. Sentensi haiko hivyo. Ukiiacha katikati, ukirudi inabidi kwanza ukumbuke ulitaka kusema nini, na ukikumbuka tu, mtoto ameamka. Mama hudhani akili yake imepungua. Akili ipo. Kilichokosekana ni usingizi na muda usiokatwa.

Wazee wetu walilijua hili. Ndiyo maana mzazi huku kwetu hukandwa kwa maji moto, hunywa uji wa pilipili manga, na kwa siku arobaini haguswi na kazi. Ni utaratibu mzuri, na nawaomba wanaoandika wasiuvunje kwa kukimbilia kompyuta. Lakini tusiugeuze kuwa saa ya kengele. Hata fiqhi ya Shafii, ambayo wengi wetu Pwani tunaifuata, husema nifasi aghalabu ni siku 40, lakini inaweza kufika 60. Miili haifanani. Tatizo ni kwamba siku ya arobaini na moja nyumba humwona mama kuwa amepona, wasaidizi hurudi makwao, na kazi zote humrudia kwa pamoja. Muda wa kuandika hufa siku hiyo, tena bila mtu kukusudia.

Halafu kuna pesa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, humpa mama aliyeajiriwa likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Likizo ikiisha, mama ana haki ya kurudi kwenye kazi yake ile ile au inayolingana nayo, kwa masharti yasiyopungua. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo humtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, na ampe mama nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa, isiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, bila kukatwa malipo.

Maneno mazuri hayo, lakini yanamhusu mwajiriwa. Wengi wetu tunaoandika huku hatujaajiriwa. Tunalipwa kwa makala. Wiki usiyoandika, hulipwi, na nafasi yako anaweza kupewa mwingine. Mhariri mmoja niliyemwandikia zamani, wa chombo kingine, aliniambia nipumzike tu mpaka mtoto aanze chekechea. Alisema kwa upole kabisa, kama anayenifanyia hisani. Ndiyo nasema: kwa mwandishi wa kujitegemea, kurudi mapema ni suala la unga na kodi ya nyumba kabla hata halijawa suala la kipaji.

Sasa, inafanyikaje? Nitaeleza ninavyofanya mimi, kila mtu apime na hali yake.

Kwanza, naandika kwa mdomo. Mikono ina mtoto, lakini mdomo uko huru. Nikinyonyesha, narekodi mawazo kwenye simu, dakika mbili au tatu, kama ninayemsimulia jirani. Usiku nayaandika. Nimegundua sentensi hizo huwa nyepesi kuliko nilizokuwa nikizihangaikia mezani.

Pili, nimepunguza kipimo. Makala ya maneno 700 ni maneno 100 kwa siku, siku saba. Maneno mia moja ni kama aya moja na nusu. Kabla ya kuamka naandika chini ya karatasi neno moja au mawili ya kinachofuata: "maji," "bei ya mtungi." Nikirudi, najua pa kushika. Hiyo ndiyo dawa ya sentensi iliyokatika.

Tatu, muda hujadiliwa, haupatikani kwa bahati. Mume wangu na mimi tumekubaliana: baada ya sala ya alfajiri mtoto ni wake kwa saa moja. Asikwambie mtu kwamba hilo ni la kizungu. Aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayotaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, ndiyo hiyo hiyo inayomtwisha baba matumizi ya mama, na inayowataja wazazi wawili kushauriana na kuridhiana kuhusu kumwachisha mtoto. Malezi yamejengwa juu ya mashauri. Asiye na mume aliye karibu azungumze na mama, dada au wifi, lakini ataje saa. "Nisaidie ukipata nafasi" haizai kitu. "Nishikie Jumanne, kuanzia adhuhuri hadi alasiri" ina maana.

Nne, patana na mhariri kabla hujarudi. Mwambie utaleta makala kila baada ya wiki mbili, na utimize. Ahadi ndogo inayotimizwa hukujengea jina kuliko ahadi ya kila wiki inayokatika. Weka pia makala moja au mbili zisizochacha, kwa siku mtoto atakapopata homa. Siku hiyo itafika.

Tano, mtoto asiwe mali ya safu. Msomaji atataka picha na jina. Mimi simpi. Wengine watasema naogopa kijicho, na sikatai, lakini zaidi ni kwamba mtoto hajui kusema hapana.

Kuna jambo moja ambalo mipango hii haitibu. Mama kulialia siku za mwanzo ni kawaida. Lakini huzuni ikipita wiki mbili, akawa hataki kula, hataki mtoto, au anawaza kujidhuru, huo ni ugonjwa, na unatibika. Apelekwe hospitali. Dua asomewe, lakini isiwe badala ya daktari. Wala asiambiwe kwamba uandishi ndio uliomponza.

Nawakumbusha pia kwamba mama na kalamu si wageni kwa wenzao hapa kwetu. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alitunga utenzi wake mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Hakungoja mwili upone. Kazi maarufu kabisa ya mwanamke katika ushairi wetu wa kale ilitoka kwa mama aliyekuwa na jambo la kumwambia mwanawe.

Kwa hiyo, safu hii itakuwa hapa kila Ijumaa ya pili, inshallah. Makala ijayo ni kuhusu kliniki za mama na mtoto na foleni zake, kwani miezi saba hii nimezijua vizuri kuliko nilivyotaka. Na wewe mhariri unayesoma hapa: kama una mwandishi aliyejifungua na amenyamaza, mpigie simu leo. Usimuulize atarudi lini. Muulize anaweza kuandika maneno mangapi, kisha mpe nafasi ya kiasi hicho.