Mchora Ramani na Bei ya Kompyuta

Hapana kazi ya ofisini iliyogeuzwa na kompyuta kama kazi ya kuchora ramani za majengo. Zamani mchora ramani alijitosheleza kwa meza pana iliyoinama, rula yenye umbo la herufi T, kalamu za wino za unene mbalimbali na wembe wa kukwangulia makosa. Vyombo hivyo vilinunuliwa mara moja, na aliyevitunza aliweza kumrithisha mwanafunzi wake. Tangu programu ya AutoCAD ilipotoka Marekani mwaka 1982, na nyingine nyingi zikaifuata, meza ile imekuwa ikiondolewa ofisi moja baada ya nyingine, na mahali pake pamekaliwa na chombo ambacho bei yake ni kubwa na maisha yake ni mafupi.

Mzigo wa badiliko hili hauwalemei wote kwa kipimo kimoja. Kampuni kubwa ya Dar es Salaam hununua mashine kumi na kuzihesabu katika gharama za mwaka. Lakini fundi sanifu aliyehitimu Chuo cha Ufundi Arusha, au msanifu majengo kijana kutoka Chuo Kikuu Ardhi, anayetaka kufungua chumba chake cha kazi Moshi, Babati au Singida, hununua mashine moja tu, na mara nyingi kwa mkopo wa SACCOS ambao marejesho yake huanza kabla mteja wa kwanza hajalipa. Akikosea kuchagua, hana mashine ya pili ya kuegemea. Yafaa basi jambo hili lizungumzwe kwa uwazi, maana ushauri mwingi anaoupata hutoka kwa mwenye kuuza.

Na mwenye kuuza hupenda kuhesabu viini vya prosesa. Atasema hii ina viini 16, ile ina 6, kwa hiyo hii ni bora. Hesabu hiyo ni sahihi, ila haihusu kazi iliyo mbele yetu. Programu za kuchora hutekeleza sehemu kubwa ya amri zake kwa kiini kimoja kwa wakati mmoja, kwa sababu mstari huu hutegemea uliotangulia. Ni kama kusuka ukili: hata wakikusanyika wasukaji wanane, ukili mmoja hushikwa na mikono miwili. Anachohitaji mchora ramani ni kasi ya msukaji huyo mmoja, si wingi wa wenzake walioketi kumtazama. Viini vingi vina faida pale ofisi inapotengeneza zile picha za kupendeza zinazomwonyesha mteja nyumba yake kana kwamba imekwisha kujengwa na kupigwa rangi. Hapo kazi hugawanyika kama palizi ya shamba, na kila jembe huhesabika. Mwenye ofisi na ajiulize kwa unyofu: katika siku 25 za kazi za mwezi, ni ngapi anazotumia kuchora, na ni ngapi anazotumia kutengeneza picha hizo?

Tuchukue mfano wa HP Z820, kompyuta ya mezani iliyotoka mwaka 2012 na ambayo wenzake wa rika lile bado huonekana katika maduka ya mitumba. Ni chombo cha fahari. Sanduku lake ni zito, lina nafasi ya prosesa mbili za Xeon, na pawa saplai yake ni ya wati 850 au 1,125. Enzi zake ilikuwa hodari kweli kweli. Hata hivyo, prosesa ya kawaida ya Core i5-12400 iliyotoka mwaka 2022, yenye viini 6 tu, huizidi kwa mbali katika kuchora, kwa kuwa kiini chake kimoja kina kasi zaidi. Tena kuna LUKU. Mashine inayovuta wati 300, ikiwashwa saa 8 kwa siku 25, hula uniti 60 kwa mwezi; inayovuta wati 80 hula uniti 16. Mnunuzi aliyefurahia bei ya jitu lile dukani ataendelea kulilipia kila mwezi.

Hatusemi haya kuidharau mitumba. Kompyuta zilizotumika katika maofisi ya Ulaya, Marekani na Dubai kisha zikauzwa kwa wingi ni neema kwa mwenye mtaji mdogo, na nyingi zilitengenezwa kwa uimara kuliko mashine mpya za bei ya chini. Jambo la kuangalia ni kizazi cha prosesa, nacho kimeandikwa katika jina lake. Core i7-4790 ni ya kizazi cha 4. Core i5-8500 ni ya kizazi cha 8. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile ya i5 na i7 ambayo wauzaji huishikilia sana. Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za usalama za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiacha prosesa chache, haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Anayekopa leo kununua mashine ya kizazi cha 4 ili aitumie kwa Windows anakopa kwa ajili ya kitu ambacho muda wake umekwisha kupita.

Taifa hili lina kumbukumbu yake katika habari hizi. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mitambo iliyogharimu fedha nyingi kushindwa kazi ya hesabu iliyonunuliwa kuifanya. Marufuku ile ilikwisha kuondolewa zamani, lakini desturi ya kununua mashine kwa jina na ukubwa wake, kabla ya kuipima kazi yenyewe, haijatutoka.

Kumbukumbu ya mashine, ambayo mafundi huiita RAM, isipungue GB 16 kwa michoro ya kawaida, na iwe 32 kwa anayejenga michoro ya pande tatu kwa Revit au ArchiCAD. Diski iwe ya SSD. Hapa hatuoni nafasi ya mjadala: diski ya kuzunguka husoma kiasi cha MB 150 kwa sekunde ikijitahidi, na SSD ya kawaida husoma 500. Mashine ya zamani kidogo iliyotiwa SSD hufufuka.

Kadi ya picha ndiyo inayowapotosha vijana wengi, pengine kwa sababu wameijua kwanza kupitia michezo ya kompyuta. Kwa ramani za kawaida, sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa nyingi za Intel hutosha, ila mnunuzi aangalie herufi F mwishoni mwa jina, kama i5-12400F, kwani hiyo haina sehemu ya picha kabisa. Kwa michoro ya pande tatu ya kiasi, kadi ndogo kama Quadro P1000, yenye GB 4, hufanya kazi kwa adabu. Haizidi wati 75, hivyo hupata umeme wake kutoka kwenye ubao wa kompyuta bila waya wa ziada, nayo huweza kuingia hata katika mashine ya mtumba yenye pawa saplai ndogo.

Fedha inayookolewa hapo iende kwenye skrini. Karatasi ya A1, ambayo ramani nyingi huchapwa juu yake, ina upana wa milimita 841. Skrini ya inchi 24 haifiki sentimita 54. Mchoraji anayefanya kazi kwenye kioo cha kompyuta ya mapajani cha inchi 15 huutazama mpango wa nyumba kama mtu anayechungulia ua kwa tundu la mlango, na makosa ya vipimo huzaliwa humo: dirisha husogezwa katika mchoro wa sakafu, na katika mchoro wa ukuta hubaki lilipokuwa. Skrini mbili za mtumba za inchi 24 zingemfaa kuliko prosesa yoyote ya fahari.

Lipo na suala la programu, ambalo wengi hulinyamazia. Autodesk iliacha kuuza leseni za kudumu za programu zake nyingi mwaka 2016, na tangu hapo hukodishwa kwa muda. Kodi ya miaka michache yaweza kuipita bei ya mashine, na ndiyo sababu nakala za wizi zimeenea, pamoja na virusi vyake. LibreCAD kwa ramani za kawaida, na FreeCAD ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024, hupatikana bure na kwa halali. Hazilingani na AutoCAD kwa kila jambo, hasa katika kubadilishana mafaili ya DWG na ofisi nyingine, lakini zastahili kujaribiwa kabla ya kukopa.

Mnunuzi asikubali kuondoka dukani kabla mashine haijawashwa mbele yake na kuachwa ikifanya kazi walau nusu saa. Ageuze na nyuma yake. Baadhi ya mashine za zamani zina swichi ndogo yenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230, na swichi hiyo ikiwa imeachwa kwenye 115, pawa saplai itaungua papo hapo. Mwisho ni UPS, ambayo humpa mchoraji dakika chache za kuhifadhi kazi yake umeme ukikatika. Betri yake hudumu kiasi cha miaka 3 hadi 5, kwa hiyo mnunuzi aulize bei ya betri mpya siku ile ile, na aitie katika hesabu ya mkopo.