Goma ni bei: inafaa tena familia ya mchimbaji kuishi kule?

Tangu miaka mingi, hapa Walikale, mchimbaji akipata franga nzuri shimoni, ulizo la kwanza nyumbani ni hili: familia iende Goma ao ibaki? Wengi walijibu haraka. Mama na watoto walipelekwa Goma, baba akabaki Mubi, Njingala ao ndani ya pori, na kila mwezi franga ikafuata ile barabara. Leo jibu hilo halitoshi tena. Maisha ya Goma yamekuwa bei kali, vita imekata njia, na kutuma franga kumekuwa kazi ngumu. Kwa hiyo tumeona vizuri tupige hesabu pamoja na ninyi wapapa na wamama, bila kumcheka aliyekwenda na bila kumsifu bure aliyebaki.

Ile bei ilitoka wapi?

Goma haikuzaliwa bei. Mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia mjini kwa siku chache. Mashirika ya msaada yakafuata. Yalihitaji maofisi, madepo na nyumba za kulaza wafanyakazi, na yalilipa kwa dola. Mwenye nyumba aliyezoea kupangisha mwalimu ao karani aliona kwamba mgeni mmoja analipa mara nyingi zaidi. Tangu pale, dola ikawa ndiyo lugha ya nyumba.

Kisha madini yakaongeza moto. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana kwenye soko la dunia, na ijapokuwa ilianguka mwaka uliofuata, wako waliokwisha kununua parsele. Mwaka 2002 kasiterite ikaonekana Bisie. Ndege ndogo zikawa zinatua Kilambo, juu ya barabara yenyewe, zinapakia viroba na kurudi Goma. Nyumba za gorofa zilisimama Himbi na Katindo. Sehemu ya ile bei inayowachoma leo, basi, ilijengwa na jasho lenu. Aliyebeba kiroba hakujenga gorofa. Aliyekinunua ndiye alijenga.

Bisie nayo ilikuwa mji

Lakini tusidanganyane. Wengine wanasema: "Porini maisha ni rahisi, mjini ndiko bei." Waliofika Bisie wakati ule wanajua si kweli. Maelfu ya watu walikaa juu ya ule mlima, na karibu hakuna aliyelima. Kila kitu kilipanda kwa mgongo kutoka Njingala: mchele, maharagi, chumvi, makayabo, bia, hata mabati. Mtwaji alishuka na kilo 50 za kasiterite, safari ya karibu siku 2, na aliyepanda alibeba chakula. Kila saa ya kutembea iliongeza bei, na njiani kulikuwa na vizuizi vya watu wenye bunduki waliotaka fungu lao.

Mchimbaji wa pale alilipa bia na muhogo kwa bei ambayo mtu wa Goma angekataa. Wengi walitoka na mikono mitupu hata baada ya miezi mizuri, si kwa sababu ya uvivu ao pombe tu, lakini kwa sababu mlima wenyewe ulikula franga.

Kwa hiyo kuna makao matatu, siyo mawili. Kuna mji mkubwa, kuna karieri, na kuna kijiji penye shamba. Mji na karieri vinafanana kwa jambo moja: watu wengi hawalimi, wananunua. Kijiji tu ndicho kina ndizi, muhogo, sombe na mawese nyuma ya nyumba. Mtu anayelinganisha Goma na karieri anachagua kati ya bei na bei.

Hesabu ya nyungu mbili

Tuchukue mfano, kwa kuelewana tu. Tuseme nyumba ya vyumba viwili inaombwa dola 40 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka garanti ya miezi 3, ni dola 120. Ongeza mwezi wa kwanza, unafika 160 mbele watoto hawajalala hata usiku mmoja. Kwa mwaka mzima kodi ni dola 480. Kwa miaka 5 ni dola 2 400, na mwishoni hata tofali moja si lako.

Hapo bado hatujahesabu bidoni za maji, makala, moto ya kupeleka mtoto hospitalini, minervali na unga wa kila siku. Tena baba naye anakula kule shimoni. Ndiyo hesabu ya nyungu mbili: moto mbili, bei mbili, na mfuko ni mmoja. Shimo likitoa, nyungu zote zinachemka. Shimo likijaa maji ao bei ikianguka, mwenye nyumba wa Goma haulizi habari za maji.

Jambo moja wapangaji wengi hawalijui: sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi 3. Anayeomba miezi 6 ao 10 anavunja sheria. Mukikubali kulipa, ombeni mkataba ulioandikwa na karatasi ya malipo. Neno la mdomo halirudishi garanti.

Mji nao unatoa kitu

Tukisema hivyo, hatutaki kuficha faida za mji. Shule ya msingi ya serikali inapaswa kuwa ya bure tangu Septemba 2019, hata kijijini. Lakini mtoto akitaka kusoma unganga, sheria ao ufundi wa juu, inabidi atoke. Goma kuna Chuo Kikuu cha Goma, kuna ULPGL, kuna ISTA na ISC. Mgonjwa anayehitaji upasuaji mkubwa, wengi wanamtafutia njia ya kufika hospitali kama HEAL Africa. Vitu hivi havipatikani kwa kulima muhogo.

Kuna faida ya pili. Tarehe 11 Septemba 2010, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Amri ilidumu mpaka Machi 2011. Miezi 6 Walikale ilikaa bila kazi yake kubwa. Aliyekuwa na nyumba mjini, hata ya mbao, aliendelea kupokea kodi. Aliyekula yote alikaa na deni. Parsele ilikuwa banki ya mtu asiye na banki.

Lakini hata ile banki inaungua. Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukameza maelfu ya nyumba upande wa Buhene na Kibati. Parsele iliyofunikwa na mawe haina mpangaji.

Mwaka 2025 ulibadilisha hesabu

Mwishoni mwa Januari 2025, M23 iliingia Goma. Kiwanja cha ndege kilifungwa, banki zikafunga milango. Franga ya mukononi ikawa haba. Anayetoa ile iliyotumwa kwa simu akakatwa asilimia kubwa kuliko zamani. Wale waliokuwa wanategemea baba wa Walikale walijikuta na franga kwenye simu na njaa nyumbani.

Walikale haikupona. Tarehe 13 Machi kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi Bisie, wiki moja baadaye waasi wakaingia Walikale-centre, na watu wakakimbilia pori. Mwanzoni mwa Aprili waasi waliondoka, na kampuni ikaanza kurudi kazini kuanzia tarehe 9. Kule Masisi, watu wa Rubaya walikuwa wamekwisha kuona mambo kama haya tangu mwisho wa Aprili 2024.

Hapa kuna somo. Zamani tulisema: tupeleke familia Goma juu ya usalama. Sasa familia inaweza kuwa upande mmoja wa vita na baba upande mwingine, na katikati barabara ya Masisi haipitiki. Mbali ya bei ya dola, kuna bei ya kutoonana, na hiyo hailipwi kwa simu. Ndiyo maana wengine wanageuza macho upande wa Lubutu na Kisangani, ambako bidhaa nyingi za Walikale zinatokea. Lakini nako wanaokodi nyumba wanakutana na hesabu ileile.

Sisi tunaona hivi

Kama sababu ya kukaa mjini ni heshima tu, ile ya kusema "familia yangu iko Goma", basi haifai tena. Heshima hailipi kodi. Kama kuna mtoto anayesoma masomo ya juu, mji bado unafaa, lakini kwa huyo mtoto, siyo kwa nyumba nzima. Afadhali wazazi wa kijiji kimoja wakodishe pamoja chumba cha wanafunzi chini ya macho ya mama mmoja wa kuaminika, kuliko kila mmoja kuhamisha watu 8. Kwa mgonjwa, likelemba ao AVEC yenye sanduku la dharura inaweza kulipa safari bila kuhamisha familia.

Anayetaka kununua parsele, anunue kwa karatasi. Sheria ya ardhi ya 1973 inatambua sertifika ya kuandikishwa kama ushahidi wa mwisho. Barua ya kuuziana peke yake inaleta kesi. Na mbele ya parsele ya mjini, nyumba iwe kwanza na shamba lake kijijini. Mama mwenye shamba hangoji simu ya shimoni ili watoto wale.

Mwisho, kuna neno kwa wakubwa. Kodi ya mineri ambayo makampuni yanalipa inagawanywa kwa sheria: kwa Kodi ya madini iliyobadilishwa mwaka 2018, asilimia 15 ya ile inayoitwa redevance ni ya sekta ao cheferi ambamo madini yanatoka. Kwa Bisie, tunasema sekta ya Wanianga. Tena kampuni inapaswa kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Wananchi wana haki ya kuuliza ile franga ilijenga darasa gani, ililipa muganga gani, ilitengeneza daraja gani. Siku Walikale itakuwa na shule nzuri ya ufundi na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi, ulizo la Goma litajijibu. Mbele ya siku ile, kila nyumba ikae, baba na mama pamoja, iandike hesabu yake kwenye karatasi, na isiende mahali kwa sababu jirani alikwenda.