Sakafu Ikauke Kwanza, Ndipo Ifunikwe

Hutokea mnunuzi wa zulia la plastiki au mbao za sakafu akarudi dukani baada ya miezi michache akidai kuwa bidhaa ni mbovu: kingo zimejikunja, mbao zimevimba, chumba kinanuka uvundo. Muuzaji hukataa kumfidia, na pengine ana haki, kwa kuwa kasoro imo katika saruji iliyofunikwa ingali na maji. Maelezo haya yanamhusu hasa anayejenga au kukarabati nyumba jijini Arusha na kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako baridi na ukungu huchelewesha ukaukaji.

Kukomaa kwa sakafu si kukauka kwake. Sakafu ya mchanga na saruji inayowekwa juu ya jamvi humwagiliwa maji kwa siku 7 hivi ili ipate nguvu, na katika siku hizo haitakiwi kukauka. Hesabu huanza umwagiliaji unapokoma. Kanuni inayotumiwa na wajenzi ni siku 1 kwa kila milimita 1 ya unene hadi milimita 50. Unene unaozidi hapo huhitaji karibu siku 2 kwa kila milimita. Tena hiyo ni kanuni ya hali nzuri ya hewa. Sakafu ya milimita 50 iliyowekwa tarehe 1 Januari yaweza kuwa tayari mwishoni mwa Februari, kabla ya masika. Iliyowekwa tarehe 1 Machi hupitia mvua za Aprili na Mei, kisha baridi ya Juni na Julai, na siku 50 hazitaitosha. Fundi anayeahidi wiki 2 anatazama rangi tu: juu huwa kijivu cheupe huku ndani kungali kubichi.

Fungua madirisha wakati wa jua na uyafunge ukungu unaposhuka. Usikubali jiko la mkaa liwashwe ndani ya chumba kilichofungwa; hukausha uso wa sakafu kwa haraka hadi ukapasuka, na hewa yake yenye sumu huua. Jiko la gesi nalo huongeza mvuke.

Kabla ya kununua chochote, bandika sakafuni kipande cha nailoni angavu chenye upande wa nusu mita, ukiziba kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache kwa saa 24. Ukiona matone chini yake, au saruji imegeuka nyeusi, subiri. Kutoona kitu si uthibitisho kamili. Kwa mbao na zulia la kubandikwa kwa gundi, dai kipimo cha kifaa cha unyevu. Viwango vya Uingereza kwa zulia la plastiki hutaka kisizidi asilimia 75. Marumaru huvumilia zaidi, ingawa chumvi nyeupe huweza kujitokeza kwenye maungio.

Ikiwa miezi inapita na nailoni bado inatoa jasho, huenda maji yanapanda kutoka ardhini kwa sababu jamvi halikutandikiwa nailoni. Hapo kusubiri hakusaidii. Inahitajika rangi maalumu ya kuzuia unyevu, na gharama yake ijadiliwe mapema.

Sakafu iliyokauka hukwanguliwa vumbi na saruji legevu, na niru laini huchongwa ili gundi ya marumaru ishike. Weka rula ya mita 2. Kwa zulia la plastiki au mbao, pengo lisizidi milimita 3.

Katika mkataba na fundi andika unene wa sakafu, tarehe umwagiliaji ulipokoma na matokeo ya kipimo, kisha bakiza sehemu ya malipo hadi kipimo kifanyike mbele yako. Kwa bidhaa, dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na uhifadhi boksi moja lenye maelekezo ya mtengenezaji. Bila karatasi hizo, ni vigumu kwetu kubaini kama anayepaswa kukulipa ni fundi au muuzaji.